Upande wa Kushoto wa Ukuta wa Etoile

Jumatatu, 4 Machi

Ukuta wa sinema Etoile utaangushwa Jumamosi saa mbili asubuhi. Amesema hayo msimamizi wa ujenzi, Chef Didi, leo saa tatu, mbele yangu na mwenzangu mmoja wa redio. Mwenye kiwanja anataka ghala la saruji. Paa liliondoka zamani. Zimebaki kuta tatu na nyasi.

Kabla ya hapo bandarini, kama kila Jumatatu. Boti moja imekwama mchangani. Abiria wamekaa ndani siku mbili, hakuna mgonjwa. Treni ya mizigo: hakuna habari. Nimeandika sentensi sita, zimesomwa saa saba mchana. Habari ya ukuta nimeipa sentensi mbili.

Zilitosha kumleta Mama Zaina. Anauza samaki wakavu soko la Kasuku, tunafahamiana tangu kabla ya vita. Amefika hadi lango la redio, amekataa kiti. Mume wake Shabani, karani wa mabehewa pale stesheni, aliondoka hapa Kindu wakati mji umezingirwa. Zaina alikuwa Kibombo kwenye matanga ya mama yake. Treni zilisimama, njia ikafungwa. Aliporudi kwa miguu alikuta nyumba tupu. Hajui hadi leo Shabani alielekea wapi, wala kama alimwachia neno.

Waliokimbia siku zile waliandika kwenye ukuta wa Etoile, ukuta uleule mweupe uliokuwa unapokea picha. Jina, na njia waliyochukua, ili atakayerudi asome. Zaina aliporudi, kikundi cha maombi kilikuwa kimeshachukua jengo na kupaka chokaa. Lakini mimi nilikuwa nimenakili maandishi kabla ya chokaa, na mji mzima ulijua. Aliniuliza. Nikamjibu kwamba Shabani hayumo.

Leo ameuliza tena.

"Papa muandishi, ulisoma ukuta muzima?"

Nimesema ndiyo.


Jumanne, 5 Machi

Nimetoa daftari la vita kwenye sanduku la bati. Panya wamekula pembe moja, maandishi ni mazima. Nanakili hapa neno kwa neno:

"Etoile, saa nne. Nimenakili upande wa kulia, mstari kwa mstari, hadi chini. Milio mbali, ng'ambo ya mto. Upande wa kushoto wamelala wakimbizi, wanawake na watoto, vitenge vimetundikwa. Sikupita. Kesho."

Kesho yake: "Risasi karibu na soko. Sikutoka."

Siku iliyofuata: "Etoile imefungwa. Wenye silaha mlangoni."

Baada ya hapo daftari halitaji tena ukuta.

Kumbukumbu yangu inasema ukuta wote. Daftari linasema nusu. Ninaamini daftari.

Kwa nini sikupita? Pale Etoile wanawake walikaa kushoto, wanaume kulia, na kati palikuwa na njia ya hatua mbili. Mwanaume hakuvuka njia ile. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Mji ulikuwa unapigwa, sinema ilikuwa imekufa, na mimi nikasimama kwenye njia ya hatua mbili kama mtu mwenye adabu. Tena nilifikiri mwanaume ataandika upande wa wanaume. Shabani hakuwa upande huo, basi nikasema hayumo.

Nimelaumu vijana wengi redioni kwa kosa dogo kuliko hili.

Sijamwambia Zaina.


Jumatano, 6 Machi

Asubuhi kwa Chef Didi. Nimemwomba ruhusa ya kukwangua chokaa. Amecheka, akasema mzee kama mimi angetafuta kazi ya kivulini. Kisha amekubali: Alhamisi na Ijumaa, hadi saa kumi jioni. Jumamosi hangojei mtu.

Mchana kwa Fundi Musafiri, ambaye alikuwa anaendesha mashine ya Etoile. Sasa anatengeneza redio na taa za jua kwenye kibanda chake mtaa wa Mikelenge. Jicho moja limefunikwa na ukungu. Nilikwenda kwa swali moja, tukakaa saa tatu.

Kindu ilikuwa na sinema tatu. Ya watu wa reli, karibu na stesheni, ilikuwa na mapangaboi juu, na walinzi waliotazama viatu vyako kabla ya uso. Ya Mikelenge ilikuwa ua tu. Mvua ikinyesha, filamu imekwisha. Etoile ilikuwa ya soko. Viti vyake vilikuwa mataruma ya zamani, yale magogo yanayolala chini ya reli. Lami yake haikukauka kabisa. Mtu aliyetoka Etoile alijulikana Kasuku nzima kwa nyuma ya suruali yake. Mama yangu hakuhitaji kuuliza.

Filamu zilikuja kwa treni, ndani ya masanduku ya chuma. Treni ikichelewa, tulitazama filamu ileile wiki nyingi. Tulijua farasi gani ataanguka. Msemaji alisimama kando ya ukuta na fimbo, akigeuza maneno ya wageni kuwa Kiswahili, na filamu ikifika wiki ya nne watu walimtangulia, akabaki kunyoosha fimbo tu. Wakati wa filamu za Wahindi wanawake walilia kabla ya mtu kufa, ili wasikose.

Fundi ananikumbuka. "Wewe ulikaa mbele na watoto mpaka ndevu zikaota," amesema. Ni kweli.

Hakuna sinema hata moja iliyofungwa kwa sherehe. Ya reli ilipoteza bati moja baada ya jingine. Ya Mikelenge iliota mahindi. Etoile ilikuwa bado inaonyesha picha wiki ambayo milio ya kwanza ilisikika. Fundi alizima mashine katikati ya filamu, akafunga sanduku, akaenda nyumbani. Filamu ile hatukuiona mwisho wake. Sanduku liliibwa.

Ndipo nikauliza swali langu. Nimemwambia kwamba nilinakili upande wa kulia tu, na kwamba namtafuta Shabani, karani wa reli.

Hakunishutumu. Ameuliza kama nimesahau vioo. Nilikuwa nimesahau. Mtu akihitajiwa nje, mlinzi wa mlango alileta jina, Fundi akaliandika kwa wino kwenye kipande cha kioo na kukiweka mbele ya taa. Maneno yakatokea ukutani, juu ya farasi na yote: mama fulani, mtoto analia, bwana fulani, kuna mgeni kwako. Jina la mwanamke alilitupa kushoto, la mwanaume kulia, ili mwenyewe alione mbele yake pale alipokaa. Ndiyo maana, vita ilipokuja, watu walikwenda kuandika Etoile na si kwenye ukuta mwingine. Ukuta ule tayari ulikuwa mahali pa kuitwa.

"Tangazo inakaa upande wa musomaji," amesema Fundi. "Haikai upande wa muandikaji. Kama huyu Shabani alikuwa mutu wa Etoile, na alimuandikia bibi yake, jina yake njo iko kushoto."

Nimeandika sentensi hiyo mbele yake, nikamsomea. Amesema ndivyo.

Nimerudi kwa miguu. Hasira. Si kwa mtu mwingine.


Alhamisi, 7 Machi

Tumeanza saa mbili. Zaina, Fundi, mimi. Vijiko, kisu butu, kitambaa chenye maji.

Nilipaswa kumwambia kwanza. Sikumwambia. Nilisema tu tutaanzia kushoto, kwa sababu kulia kunajulikana. Amenitazama kidogo. Amefunga kitenge kiunoni, akashika kijiko.

Kosa la kwanza: kitambaa. Maji yalilainisha chokaa, na mkaa ukatoka pamoja nayo. Mstari mzima ulifutika mkononi mwangu kabla sijausoma. Uliishia na "Pangi", jina la mji. Ulikuwa wa mtu. Sitajua wa nani.

Baada ya hapo kijiko kikavu tu, polepole. Mkaa unabaki nusu. Maandishi ya msumari yanabaki yote. Hadi saa sita tulikuwa tumesoma haya: mama mmoja amekwenda Alunguli kwa dada yake. Mwingine anamwambia binti asirudi nyumbani, apite kwa jirani. Mwingine ameandika jina la mtoto tu, mara nne.

Watu wamekusanyika. Wenye pikipiki, wauza mihogo, wote wenye maneno. Mmoja ameuliza kama tumehamisha machimbo ya dhahabu ya mji wa Kama tukayaleta hapa sokoni. Mwanamke mmoja amemjibu kwamba hata angeletewa dhahabu mkononi angeinywa. Wamecheka. Kisha mwanamke huyohuyo amesoma jina kwenye ukuta, akaondoka haraka na beseni lake. Amerudi baada ya nusu saa na dada zake wawili. Walikaa chini mbele ya mstari mmoja wa mkaa.

Shabani bado.

Saa tisa mvua. Hakuna paa. Tumeziba tuliposafisha kwa maturubai ya Chef Didi. Ameyatoa mwenyewe, bila kuombwa. Kuna theluthi moja ya upande wa kushoto haijaguswa, na kesho ni nusu siku kwa sababu ya sala.

Zaina amesema jambo moja wakati wa mvua, bila kunitazama. Miaka hii yote hajasoma hitima ya Shabani, kwa sababu hitima ni ya mtu aliyekufa, na huyu aliondoka bila kuaga. Mtu wa namna hiyo hujui umwombee au umlaani. Ndugu zake wa Kibombo walimwambia aolewe. Hakuolewa. Si kwa mapenzi, amesema. Kwa kukosa jibu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilishika turubai.


Ijumaa, 8 Machi

Nimefika saa kumi na mbili na nusu ili kumkuta peke yake. Nimemwambia yote, kwa mpangilio. Kwamba ukuta ulikuwa na pande mbili. Kwamba nilisoma upande mmoja. Kwamba aliponiuliza nilijibu kwa ukuta mzima. Kwamba Jumatatu nilirudia, na tangu Jumanne nilijua ni uongo.

Hakupandisha sauti. Ameniuliza kwa nini sikupita. Nikamwambia: vitenge, wanawake, njia ya hatua mbili.

"Ungeomba mwanamuke mumoja akusomee," amesema.

Sikuwahi kulifikiria. Lilikuwa jambo la dakika kumi.

Tumeendelea na kazi. Fundi alikuja saa tatu. Jicho lake moja likaona tusichokiona: karibu na pembe, kwa urefu wa kifua, chokaa ilikuwa imevimba kwa mistari, kama utando wa maziwa. Ameipuliza. Imeanguka yenyewe, kipande kizima, bila kijiko. Chini yake rangi ya buluu.

Chokaa haishiki juu ya mafuta. Makarani wa reli waliandika juu ya mabehewa kwa chaki ya mafuta, ya buluu, ili mvua isifute njiani. Shabani alitembea nayo mfukoni miaka yote ya kazi. Zaina alisimama nyuma yetu. Aliona rangi kabla ya maneno, akakaa chini kwenye nyasi.

Amesema nisome mimi. Nimesoma. Herufi kubwa, zilizonyooka, kama kwenye mlango wa behewa:

KUTOKA: KINDU.
KWENDA: KAMA, KWA MDOGO WANGU.
MZIGO: MTU MMOJA. UNAVUNJIKA UPESI.
MPOKEAJI: ZAINA.

Hakuna tarehe. Hakuna kingine.

Nimerudia mara ya pili kwa sauti ileile. Alipenda mzaha, Shabani. Nilikuwa nimesahau. Zaina hakucheka wala hakulia. Halafu amesema, kwangu, kwa sauti ya kawaida:

"Kumbe yeye aliniaga. Wewe njo mwenye hukunisomea."

Ndiyo.

Fundi aliondoka kwenda msikitini. Zaina amesema hakujua kwamba shemeji yake alihamia machimboni Kama. Tumepiga simu Kama kwa mfanyabiashara mmoja ninayemjua, ananunua mchele kule. Mtandao haukushika. Nimetuma ujumbe: mdogo wa Shabani wa reli, au yeyote wa nyumba yake. Saa kumi Chef Didi amefunga lango. Amesoma maneno ya buluu, ameyasoma tena, akavua kofia ya kazi. Kisha akaniambia kwamba kesho ni kesho. Nimemwambia naelewa.


Jumamosi, 9 Machi

Ukuta umeanguka saa mbili na dakika ishirini. Ulianza upande wa kulia.

Zaina alikuwa amefika kabla ya wafanyakazi. Alivaa kitenge cha sikukuu. Hakuomba ukuta uachwe, kama nilivyodhani. Alimwomba Fundi chaki. Fundi hakuwa na ya mafuta, alikuwa na penseli nene ya kuwekea alama kwenye mbao. Zaina ni mke wa karani wa mabehewa. Anajua mzigo ukifika hufanywa nini. Ameandika chini ya jina lake, herufi ndogo:

Umepokelewa. 9 Machi.

Ametia sahihi. Amerudi nyuma hatua mbili, akamwambia Chef Didi aendelee na kazi yake. Vijana wenye nyundo walikuwa wakingoja. Chef Didi amewaanzisha upande wa pili, mbali, na upande wa kushoto umekuwa wa mwisho. Hilo aliliamua mwenyewe.

Vumbi jeupe hadi soko. Wauza mihogo wamefunika beseni zao wakilalamika.

Redioni nimeandika sentensi nne. Sinema ya mwisho ya Kindu. Mahali pa ghala. Ukuta ulikuwa na majina. Aliyekosea kuyasoma ni mwandishi wa habari hii. Mhariri ametaka kuondoa ya nne. Nimemwambia ikiondoka hiyo, ziondoke zote. Zimesomwa zote.


Jumapili, 10 Machi

Saa tano asubuhi simu kutoka Kama. Mama Feza, mjane wa mdogo wake Shabani. Alipanda kilima kutafuta mtandao. Zaina alikuwa kwenye meza yake sokoni. Nilimpelekea simu, nikaifungulia sauti.

Shabani alifika Kama salama. Hakuchimba, hakuwa na mgongo wa kuchimba. Aliandika majina kwenye magunia ya wafanyabiashara. Alikufa kwa homa wakati wa kuvuna karanga, mwaka uleule. Amezikwa nyuma ya nyumba, na kaburi lina jiwe. Zaina ameuliza kama alisumbuka. Siku tatu, amesema Mama Feza. Ameuliza kama alisema kitu.

Mama Feza amesema kila siku ya soko Shabani alikwenda kusimama njiani, akiwauliza watu waliotoka Kindu swali moja. Watu walimdhania amechanganyikiwa, kwa sababu hawakuelewa. Aliuliza: "Mzigo umepokelewa?"

Zaina amenirudishia simu. Amekata samaki wa mteja aliyekuwa anangoja, akamfungia kwenye jani.

Nimerudi nyumbani, nimefungua daftari. Zaina aliniuliza mwezi wa sita. Njia ya Kama ilifunguka mwezi wa nane. Karanga za kule huvunwa mwezi wa kumi na mbili. Miezi minne. Angeweza kumkuta hai kwa miezi minne. Sizidishi, sipunguzi. Naandika ili nisije nikaikumbuka vingine.

Jioni nilikwenda kwake nikamweleza hesabu hiyo. Alikuwa ameshaipiga.

"Miezi mine," amesema kabla sijafika mwisho. Akanionyesha kiti. Mimi sikukikataa. Alileta sombe, kisamvu chetu, na muhogo, tukala. Nilipoaga amesema kule Kama atahitaji mtu wa kuandika jina kwenye jiwe, na liandikwe vizuri. Sijui kama huo ni msamaha. Sikuuliza.


Jumatatu, 11 Machi

Bandarini. Boti imetoka mchangani saa moja. Treni ya mizigo: hakuna habari.

Nimepita Etoile. Wamesafisha nusu. Mataruma mawili yaliyobaki yamebebwa na mtu wa kuni, na nyuma ya suruali yake palikuwa peusi.

Fundi amepata chaki ya mafuta kwa karani mstaafu wa stesheni. Ya buluu. Iko mfukoni mwangu, imefungwa kwenye karatasi.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, Zaina na mimi, bandari ya mitumbwi. Pikipiki mbili zinangoja Alunguli, ng'ambo ya mto. Kufika Kama siku hiyohiyo, mvua ikiruhusu. Hitima Ijumaa, baada ya sala.